Mwenye Hewa Ndiye Mwenye Moto

Katika miamba ya Kolo, wilayani Kondoa, wamechorwa watu warefu wembamba kwa rangi nyekundu. Wengine wamesimama, wengine wameinama, na kando yao wapo twiga, pofu na tembo. Mwanaakiolojia Mary Leakey alikaa katika vilima vya huko mwaka 1951 akiinakili michoro hiyo, na mwaka 2006 UNESCO ikaiingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Rangi yake imedumu kwa sababu haina cha kuoza wala cha kuungua. Ni ngeu, udongo wenye chuma kilichokwisha kuungana na oksijeni ya hewa. Wekundu wa michoro ya Kolo, wekundu wa udongo wa vilima vya Irangi wilayani humo na wekundu wa kutu kwenye jembe lililosahauliwa shambani vina asili moja.

Mkemia akiutazama wekundu huo atasema chuma hicho kimekwisha kuungua. Hakikutoa mwali wala moshi, maana kiliungua polepole, joto lake likapotea hewani bila mtu kulihisi. Ukuni unapowaka jikoni, tendo ni la ukoo uleule: kitu kinakutana na oksijeni, vinaungana, na katika kuungana kwao nishati inatoka. Tofauti iko kwenye mwendo. Tendo likienda kasi, joto huja kwa wingi kuliko linavyoweza kutawanyika. Hapo macho huona mwanga, ngozi ikahisi ukali, nasi tukasema moto umewaka.

Ndiyo maana mwanafunzi anayefundishwa hali za maada hukwama akifika kwenye moto. Jiwe ni yabisi, maji ni kimiminika, hewa ni gesi; moto je? Haushikiki, haujazwi kibuyuni, na ukiukatia hewa hutoweka. Jibu ni kwamba moto haumo katika orodha ile kwa sababu wenyewe si maada. Moto ni tendo, na tendo hilo lina washiriki wawili: kinachoungua na hewa inayokiunguza. Wengi wetu humkumbuka mshiriki wa kwanza, kwa kuwa ndiye anayekatwa porini, kubebwa kichwani na kununuliwa sokoni. Wa pili haonekani wala halipiwi. Lakini ukiifuata historia ya uwanda wa kati wa Tanzania, kutoka vilima vya Irangi hadi Unyanyembe, karibu na Tabora, na kurudi Dodoma, utakuta kwamba katika kila zama walioutawala moto ni wale walioijua hewa yake.

Kinachowaka katika ukuni

Wahadzabe wa Bonde la Eyasi mpaka leo huweza kuwasha moto kwa kupekecha, na ufundi huo ulijulikana kote uwandani kabla kiberiti cha dukani hakijafika. Kijiti kigumu husimamishwa katika tundu la ubao mwepesi, kikazungushwa kati ya viganja viwili, mikono ikishuka na kupanda upesi. Kwanza hutoka unga, kisha unga huo hugeuka mweusi, kisha moshi. Mwali bado. Unga unaofuka hutiwa katika nyasi kavu, mtu akazikusanya viganjani na kuzipuliza taratibu, na hapo ndipo mwali huchomoza. Mpekechaji ameleta joto kwa msuguano, na kwa pumzi yake ameleta hewa.

Moshi hutangulia mwali kwa sababu mti wenyewe, ukiwa mti, hauwaki. Ukipashwa joto, kwanza hutoa maji yaliyomo ndani yake. Joto likizidi nyuzi 200 na kukaribia 300 za Selsiasi, mti huanza kuvunjika na kutoa gesi nyingi zenye kaboni na hidrojeni. Gesi hizo ndizo zinazoshika moto zikikutana na oksijeni. Kaa karibu na mafiga utayaona haya kwa macho yako. Ukuni uliokolea hupasuka, na katika ufa hutoka gesi ikilia kwa sauti nyembamba. Mwali hauanzii pale pale kwenye gamba la mti. Huanza kidogo nje yake, pale gesi ilipopata hewa ya kutosha. Karibu na shina la mwali kuna rangi ya samawati. Juu yake kuna umanjano mpana unaochezacheza, na umanjano huo unatokana na masizi: chembe ndogo mno za kaboni, yabisi kabisa, zilizopata joto hata zikang'aa. Nyingi huungua zikifika ukingoni mwa mwali. Zinazokutana na sufuria kabla hazijamaliza kuungua hupoa na kuganda chini yake, na huo ndio weusi anaousugua mama kwa majivu.

Basi ndani ya mwali mmoja kuna gesi inayoungua, kuna yabisi inayong'aa, na kuna mvuke wa maji unaopanda, maana hidrojeni ya mti ikiungana na oksijeni huzaa maji. Vitu vya hali mbalimbali vinakutana katika tendo moja. Umbo la ulimi tunalolizoea nalo ni kazi ya hewa: gesi ya moto ni nyepesi, hupanda, na ikipanda huvuta hewa mpya kutoka chini. Mwali hujilisha wenyewe kwa kupanda.

Husemwa pia kwamba moto ni plazima, hali ya nne ya maada, ambayo joto lake hung'oa elektroni katika atomi. Kwa moto wa jikoni hilo si sahihi. Mwali wa kuni huwa wa nyuzi 1,000 hivi, na kiasi cha atomi zilizopoteza elektroni ndani yake ni kidogo mno. Anayetaka kuiona plazima katika uwanda huu asubiri mvua za Desemba hadi Machi, radi inapopiga juu ya mibuyu. Njia ya radi hufikia nyuzi 30,000, na humo ndani hewa yenyewe imegeuka plazima. Radi ikipiga mti mkavu, plazima huzaa moto, lakini mzazi na mtoto hapa ni viumbe viwili tofauti.

Tanuri la chuma

Katika vilima vya Irangi, hasa bonde la Haubi, wanaakiolojia wameokota mabaki ya kazi ya chuma, na mbele ya yote ni mavi ya chuma, yale mabonge meusi mazito yenye vitundu yanayobaki tanuri likishapoa. Wahunzi wa uwanda na wa nchi zinazouzunguka walilisha biashara kubwa. Majembe ya chuma yalibebwa njia ndefu, yakatolewa mahari, yakabadilishwa kwa nafaka na mifugo. Kila jembe lilianzia katika moto uliopangwa kwa akili nyingi.

Kazi ya mhunzi ilikuwa kuurudisha nyuma wekundu ule wa Kolo. Mawe yenye chuma yana chuma kilichokwisha kushikwa na oksijeni. Kukipata chuma chenyewe, lazima oksijeni ing'olewe, nayo haing'oki kwa joto peke yake. Inahitaji kitu kinachoipenda oksijeni kuliko chuma kinavyoipenda, na kitu hicho ni kaboni ya mkaa. Mkaa ulipangwa tanurini pamoja na mawe, hewa ikasukumwa kwa mivukuto ya ngozi kupitia mirija ya udongo. Mbele ya mrija mkaa uliungua kwa ukali na kutoa hewa ukaa. Hewa ukaa ilipopanda katikati ya mkaa mwingine uliokolea, iligeuka kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, yenye njaa ya oksijeni. Gesi hiyo ilipenya katika mawe, ikaichukua oksijeni yake, ikaacha chuma.

Kwa anayejifunza hali za maada hakuna darasa lililo bora kuliko tanuri hilo. Chuma huyeyuka kwenye nyuzi 1,538, na katika matanuri mengi ya kale hakikuyeyuka. Kilibaki yabisi, chembe zikishikamana kuwa bonge lenye vitundu. Kilichoyeyuka ni uchafu wa mawe pamoja na sehemu ya chuma iliyoungana nao, kwenye nyuzi 1,200 hivi, ukatiririka chini kama kimiminika, na ulipopoa ukawa mavi ya chuma. Gesi ilikuwa ikifanya kazi kati ya hivyo viwili. Yabisi, kimiminika na gesi vilikaa nyumba moja kwa saa nyingi, na aliyevipatanisha ni mtu wa mvukuto. Hewa ikipungua, tanuri lilipoa na uchafu ukagoma kutiririka. Hewa ikizidi, oksijeni ilikirudia chuma na kukiunguza upya, kazi ya siku nzima ikapotea. Hapakuwa na kipimajoto. Palikuwa na rangi ya mwali mdomoni mwa tanuri, sauti ya pumzi katika mirija, na uzoefu uliorithishwa.

Jamii mbalimbali zilipata majibu mbalimbali. Wafipa wa nyanda za juu za kusini-magharibi walijenga malungu, matanuri marefu ya udongo yanayofikia mita tatu, yasiyohitaji mvukuto katika hatua ya kwanza. Urefu wenyewe ulifanya kazi: gesi ya moto ikipanda katika kifua kirefu, hewa baridi huvutwa kwa nguvu kupitia matundu ya chini. Baadaye chuma kilisafishwa katika tanuri dogo lenye mivukuto. Bertram Mapunda, mwanaakiolojia Mtanzania, ameufanyia kazi ndefu uhunzi huo wa Ufipa.

Kule Buhaya, miaka ya 1970, watafiti Peter Schmidt na Donald Avery waliwaomba wazee waliowahi kushiriki kazi hiyo ujanani wajenge tanuri upya. Chuma cha kununuliwa kilikuwa kimeua uhunzi wao miongo mingi nyuma, na mwanzoni kazi iliwagomea. Ikabidi wakumbuke kwa mikono. Shimo la chini lilijazwa mkaa wa majani ya kinamasi, na mirija ya udongo ikaingizwa ndani kabisa ya tanuri. Schmidt na Avery waliandika katika jarida la Science mwaka 1978 kwamba hewa ilipata joto ndani ya mirija hiyo kabla ya kuugusa mkaa, na kwamba ndiyo sababu tanuri lilifikia joto kubwa sana. Wataalamu wengine walipinga maelezo ya hewa kupashwa joto, na mjadala ukawa mrefu. Juu ya jambo moja hakukuwa na ubishi: wazee wale walitoa chuma, na mabaki ya matanuri yaliyochimbwa eneo hilo yanaonyesha kwamba kazi hiyo ilikuwa imeshamiri karne nyingi kabla ya mgeni yeyote kuiandika.

Linganisha hayo na yaliyokuwa yakisemwa Ulaya. Wagiriki wa kale waliuhesabu moto kuwa moja ya asili nne za vitu vyote. Mwanzoni mwa karne ya 18 Georg Ernst Stahl wa Ujerumani alifundisha kwamba kila kinachoungua kina ndani yake kitu kiitwacho flojistoni, na kwamba kuungua ni flojistoni hiyo kutoka. Mwaka 1774 Joseph Priestley wa Uingereza alipata gesi ambayo mshumaa uliwaka ndani yake kwa mwanga wa ajabu, lakini akaieleza kwa flojistoni. Ni Antoine Lavoisier wa Paris, kwa mizani sahihi, aliyeonyesha kwamba kinachoungua hakipotezi kitu hicho. Kinachukua sehemu ya hewa, na metali ikiungua uzito wake huongezeka. Sehemu hiyo ya hewa akaiita oksijeni. Hata hivyo, katika kitabu chake cha 1789 aliorodhesha mwanga na joto miongoni mwa elementi. Wazo kwamba moto ni kitu lilikuwa gumu kufa hata kwa aliyeliua.

Mhunzi wa Irangi hakuwa na mizani ile wala nadharia ile. Alikuwa na ujuzi wa vitendo uliosema jambo hilohilo: moto ni mapatano ya mkaa na hewa, na mapatano hayo yanaweza kuongozwa. Ujuzi huo unastahili kuitwa elimu.

Baruti ya Isike

Mwaka 1857 wasafiri Waingereza Richard Burton na John Speke walipokatiza Ugogo wakielekea Unyanyembe, walikuta njia iliyokwisha zoeleka. Misafara ya pwani ilipita hapo ikilipa hongo, yaani ushuru wa njia, kwa watemi wa Wagogo, waliomiliki visima katika nchi yenye uhaba wa maji. Mizigo ilikuwa nguo, shanga, waya, na kadiri miaka ilivyosonga, bunduki na mapipa ya baruti.

Baruti ilileta uwandani aina mpya ya moto. Robo tatu ya uzito wake ni shura. Iliyobaki ni mkaa na salfa. Mkaa na salfa ndivyo vinavyoungua. Shura ni chumvi iliyobeba oksijeni tele ndani yake, na ikipata joto huiachia. Kwa hiyo baruti haingoji hewa ya nje. Imekwisha kusagwa pamoja na hewa yake, chembe kwa chembe, na cheche moja hulikamilisha tendo lote kwa kufumba na kufumbua. Unga yabisi hugeuka gesi na moshi, na gesi hiyo ikiwa ya moto huhitaji nafasi kubwa mara nyingi kuliko unga uliotangulia. Ikiwashwa mahali pa wazi, huwaka ghafla na kuisha. Ikifungiwa ndani ya mtutu, husukuma risasi. Ikifungiwa ndani ya chumba, hubomoa kuta.

Isike, mtemi wa Unyanyembe tangu 1876, aliijua nguvu hiyo. Alitawala kwenye makutano ya njia za biashara, alikuwa na bunduki nyingi, na boma lake karibu na Tabora lilikuwa imara. Wajerumani walilishambulia mwaka 1892 wakashindwa. Januari 1893 walirudi chini ya Luteni Tom von Prince, na safari hii wakaingia. Isike hakutaka kushikwa. Alijifungia katika ghala lake la baruti akaliwasha.

Wanahistoria huitaja siku hiyo kama mwisho wa uhuru wa Unyanyembe, na ni haki. Mtemi yule alikuwa amenyimwa kila kitu alichokitawala: njia, boma, watu. Kilichobaki mikononi mwake ni moto uliobeba hewa yake wenyewe, usioweza kuzimwa na adui kwa kufunga mlango.

Reli yafika Dodoma

Serikali ya Kijerumani ilianza kujenga reli kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro 1907, Dodoma 1910, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Kituo cha Dodoma ndicho kilichouzaa mji, na kilichoileta treni ni moto uliofungiwa katika sanduku la chuma na kuzungukwa na maji.

Maji yakichemka huongezeka ujazo mara 1,600 na zaidi. Lita moja iliyotulia hudai nafasi ya mapipa kadhaa, na likizuiwa dai hilo huwa msukumo. Mvuke halisi hauonekani. Lile wingu jeupe linaloonekana juu ya injini ni matone madogo, mvuke uliokwisha poa na kurudi kuwa kimiminika. Dodoma, iliyo mita 1,100 na kitu juu ya usawa wa bahari, maji katika sufuria iliyo wazi huchemka karibu na nyuzi 96, kwa kuwa hewa inayoyakandamiza ni hafifu kuliko ya pwani. Ndiyo sababu moja ya maharage kuchelewa kuiva huku. Ndani ya bwela la treni hali ni kinyume: mgandamizo ni mkubwa, na maji hukaa kimiminika mpaka joto lizidi sana nyuzi 100.

Kwa miaka mingi injini za reli hii zililishwa kuni, na misitu iliyo kando ya njia ililipa gharama. Lakini ufundi mkubwa wa injini haukuwa kwenye kuni. Mvuke uliokwisha kusukuma pistoni ulielekezwa kwenye dohani, ukatoka kwa kishindo, na kila ulipotoka ulivuta moshi pamoja nao, na nyuma ya moshi hewa mpya ikaingia motoni. Treni ikipanda mlima mvuke hutumika zaidi, pumzi za dohani huwa nzito zaidi, na moto hupata hewa zaidi wakati uleule inapohitajika. Sauti ile ya treni waliyoiiga watoto wa vituoni ilikuwa sauti ya mvukuto.

Mji mkuu na mkaa wake

Mwaka 1973 yalitokea mambo mawili yaliyouhusu mkoa wa Dodoma. Chama cha TANU kiliamua kwamba makao makuu ya nchi yahamie Dodoma, na ukaanzishwa mradi wa HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma, kupambana na mmomonyoko. Hali ilikuwa mbaya zaidi Kondoa, ambako makorongo yalikuwa yamekula vilima. Mwaka 1979 mifugo ipatayo 90,000 iliondolewa katika eneo la kilomita za mraba 1,256 ili ardhi ipumzike. Ng'ombe walibebeshwa lawama kubwa. Watafiti waliokuja baadaye walichimba wakaona kwamba mmomonyoko wa Irangi una tabaka za zamani sana, na wamejadili kama miti iliyokatwa kwa mkaa wa wahunzi ni miongoni mwa vyanzo vyake. Moto huzaa jivu, na wakati mwingine huzaa korongo.

Uamuzi wa 1973 ulichukua miongo kutimia. Serikali ilipohamia kwa kishindo kuanzia 2016, mji ulifurika: watu 410,956 katika sensa ya 2012, 765,179 katika ile ya 2022. Kila kaya mpya ilihitaji kupika, na wengi walipika kwa mkaa.

Kuchoma mkaa ni kuzinyima kuni hewa kwa makusudi. Magogo hupangwa, hufunikwa majani na udongo, huwashwa kupitia tundu, na mchomaji hukaa siku kadhaa akiziba hapa na kutoboa pale. Moshi ukiwa mzito mweupe, maji ndiyo yanatoka. Ukigeuka mwembamba wa kisamawati, mti umemaliza kutoa gesi na inabidi matundu yazibwe haraka, la sivyo mkaa wenyewe utaungua. Gesi zote zile ambazo jikoni zingekuwa mwali zimepotea porini. Katika tanuri la udongo, kilo 100 za mti mkavu hutoa kilo 10 hadi 20 tu za mkaa. Mnunuzi wa mjini hupata moto safi usio na moshi mwingi, na sehemu kubwa ya mti ulioulipia moto huo imeishia hewani kabla gunia halijashonwa.

Mkaa hauna mwali mkubwa kwa sababu gesi zake zimekwisha ondoka. Kilichobaki ni kaboni yabisi inayoungana na oksijeni kwenye uso wake, ikiwa nyekundu. Zile ndimi ndogo za samawati zinazocheza juu ya jiko ni kaboni monoksaidi ikiungua, gesi ileile iliyomtumikia mhunzi. Tanurini ilikuwa rafiki. Chumbani ni muuaji. Damu huishika kwa nguvu mara mia mbili na zaidi kuliko inavyoishika oksijeni. Dodoma huwa na baridi Juni na Julai, na mtu anayeingiza jiko la mkaa chumbani, akafunga dirisha na mlango apate joto, hulala na gesi isiyo na rangi wala harufu. Jiko linapokosa hewa ya kutosha huitoa kwa wingi zaidi. Wapo waliolala hivyo wasiamke. Kukosa habari hii si uzembe wao. Ni deni letu sisi tulioipata shuleni tukaiacha kwenye daftari la mtihani.

Mwaka 2024 Serikali ilizindua mkakati wa kitaifa wa nishati safi ya kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo 2034. Mwaka huohuo, Agosti 1, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua safari za treni ya umeme kati ya Dar es Salaam na Dodoma. Treni hiyo haina sanduku la moto, lakini sehemu ya umeme wa nchi hutoka kwenye mitambo inayochoma gesi asilia pwani. Moto haukuzimwa, umehamishiwa mahali ambapo hewa yake inapimwa kwa vifaa. Nao mtungi wa gesi jikoni umebeba kimiminika kilichogandamizwa, kinachogeuka gesi vali ikifunguliwa. Gesi hiyo huvuta hewa kupitia matundu ya jiko na kuchanganyika nayo kabla ya kuwaka, ndiyo maana mwali wake ni wa samawati na sufuria haishiki masizi. Mwali ukianza kuwa wa manjano, matundu yameziba na hewa haitoshi.

Kubadili kuni kwa gesi kutachukua muda, kwa kuwa mtungi una bei na kaya nyingi za Bahi, Chamwino na Mpwapwa bado zinaokota kuni. Elimu ya hewa haina bei hiyo. Dirisha la jiko la kuni, tundu la kutolea moshi, kuni zilizokaushwa vizuri na kupangwa kwa nafasi, jiko la mkaa lililobaki nje ya chumba cha kulala: hayo yote yanawezekana leo katika kila nyumba ya uwanda huu. Wahunzi waliijua hewa wakakipata chuma. Mpishi wa Dodoma, ambaye kwa kawaida ni mama au binti, naye ana haki ya kuijua hewa ya moto wake inaingilia wapi na moshi wake unatokea wapi, kwa kuwa yeye ndiye anayeuvuta kila siku.